Kifaru kinahesabiwaje kama mtaji? Naombeni ushauri

Mchambuzi_Chipukizi: Wakuu, salaam. Naandika tasnifu kuhusu hesabu za taifa, nimekwama kwenye sura ya ulinzi. Msimamizi wangu anataka vifaru na manowari viingie kwenye mtaji. Moyo unakataa. Cherehani inashona nguo, nguo inauzwa. Kifaru kinakaa bandani, kinapakwa grisi, kinawashwa injini ili kisife. Kinazalisha nini? Na thamani yake naitoa wapi wakati hakina soko? Sura hiyo nimeifuta mara tatu.

Mzee wa Takwimu: Msimamizi yuko sahihi, mkuu. Kigezo si kuuza, ni kutumika katika uzalishaji kwa zaidi ya mwaka mmoja. Kifaru kinatoa huduma ya ulinzi hata kikiwa bandani, maana adui anajua kipo. Mwongozo wa kimataifa wa hesabu za taifa wa 1993 ulifikiri kama wewe: hospitali ya kambini ni mtaji kwa kuwa raia wangeweza kuitumia, lakini silaha ni matumizi ya kati, yaani kitu kinachoisha ndani ya uzalishaji, kana kwamba imeteketea siku iliponunuliwa. Mwongozo wa 2008 ukageuza hilo. Marekani walitangulia mwaka 1996, nchi za Umoja wa Ulaya zikafuata 2014.

Dada Hesabu: Kuhusu thamani, usihangaike kukadiria vita vilivyoepukwa, utapotea. Chukua gharama ya kukinunua kwa bei za leo, toa uchakavu. Kifaru cha milioni 200 kinachodumu miaka 20 kinachakaa milioni 10 kila mwaka, na milioni 10 hizo huingia kwenye gharama ya huduma ya ulinzi. Ndicho kiasi kinachoongezeka kwenye pato la taifa. Ununuzi wenyewe ulikuwa umo tangu zamani, umehama tu safu kutoka matumizi kwenda uwekezaji.

Mchambuzi_Chipukizi: Asante sana dada. Risasi nazo?

Dada Hesabu: Risasi na mabomu hutumika mara moja, kwa hiyo ni akiba ya ghalani. Ila makombora makubwa ya balistiki ni mtaji: yanamtisha adui kila siku bila kurushwa.

Mzee wa Takwimu: Na kifaru kikilipuliwa vitani, tafadhali usikiandike kwenye uchakavu. Wengi hukosea hapo. Uchakavu ni wa matumizi ya kawaida. Hasara ya vita ina akaunti yake, ya mabadiliko mengine ya kiasi cha mali, pamoja na matetemeko na mafuriko. Mtaji unapungua, pato la mwaka huo haliguswi.