Tableti ya kalamu imenishinda, nirudi kwenye mausi au nikomae?

kadi_Nkuhungu

Wakuu habari za jioni. Mi nipo Dodoma, Nkuhungu, nina kiofisi cha stesheneri natengeneza kadi za harusi, za kipaimara, fulana, lebo, na mara mojamoja logo. Miaka minne yote nimefanya kazi na mausi, tena siyo mausi ya maana, ni hizi za elfu kumi ikifa unachukua nyingine, na maisha yalikuwa yanaenda.

Sasa mwezi uliopita akaja mama mmoja wa Hombolo anatengeneza juisi ya zabibu, anataka lebo ya chupa iwe na kichala cha zabibu kilichochorwa kwa mkono, hataki picha ya kupakua mtandaoni kwa sababu anasema kila mtu anayo hiyohiyo. Nikakaa na mausi siku mbili. Nikamtumia WhatsApp, akanijibu "mwanangu hizi ni goroli". Na kweli, nilichora duara moja nikalikopi mara thelathini nikabadilisha rangi, ukiangalia ni goroli za watoto kabisa.

Basi nikajipigapiga nikamtuma jamaa Kariakoo, akanipatia tableti ya kalamu iliyotumika, yaani ubao wa kuchorea unaochomeka kwenye kompyuta, ile isiyo na skrini, sehemu ya kuchorea ni inchi 6 kwa 4, ikaja na basi. Nilivyoifungua nilijiona msanii. Nikachomeka, nikaanza kuchora, wakuu nilitamani kulia. Mkono upo chini macho yapo juu, sijui kalamu iko wapi. Nikichora duara linatoka yai. Nimekandamiza, nimegusa kidogo, mstari unene ni uleule, sasa ile sifa ya presha wanayoisema iko wapi? Dabo kliki kwenye folda ndo usiseme. Nikiandika jina langu linaonekana limeandikwa na mtu aliye kwenye bajaji barabara ya vumbi.

Kuchora natumia programu ya Krita kwa sababu ni ya bure, logo natumia programu ya Inkscape. Laptopu ni Windows, skrini 1366 kwa 768. Swali: tatizo ni mimi, ni kifaa kibovu nimeuziwa, au hivi vitu ni vya watu waliosomea sanaa? Mama anataka lebo kabla ya mavuno ya mwezi wa 8.

---

Zabibu_Kavu

Uza mkuu. Mausi haijawahi kumwangusha mtu, nyie ndo mnapenda vitu vya kwenye video za Wazungu. Kama hukujua kuchora kwenye daftari kalamu ya laki na kitu haikufundishi.

---

mama_leya

Zabibu_Kavu we kila uzi unamwambia mtu auze 😂 na anayenunua sijui ni nani.

Kaka kadi, usiuze kwanza. Mi nachora picha za vitabu vya watoto, nipo Kisasa, na wiki yangu ya kwanza na tableti ilikuwa kama yako, nusu niifanye ubao wa kukatia vitunguu. Nikueleze kwanza kitu ambacho hakuna aliyenieleza mimi. Mausi haijui iko wapi mezani. Inajua tu imesogea kiasi gani, ndo maana ukifika ukingoni unainyanyua unairudisha katikati na kishale kinabaki palepale. Kalamu siyo hivyo, kila nukta ya tableti ina nukta yake kwenye skrini, kona ya juu kushoto ni kona ya juu kushoto, huinyanyui kuitafuta, unaipeleka moja kwa moja. Sasa wewe una miaka minne ya mausi kichwani kwa hiyo unaisukumasukuma kalamu kama unasukuma mausi. Fungua draiva, yaani ile programu ya tableti inayoiunganisha na kompyuta, uangalie usije ukawa umewasha hali ya mausi, maana ipo, na ukiiwasha hutajifunza milele.

Na ukichora usiangalie mkono. Nyanyua ncha kidogo tu, isiguse, kishale kitatembea kwenye skrini bila kuchora, ukifika unapotaka ndo unagusa. Hiyo peke yake itakutoa kwenye nusu ya kilio chako.

Yai: hilo siyo mkono wako kaka, ni hesabu. Tableti yako ni 6 kwa 4, skrini yako ni 16 kwa 9. Draiva inachukua eneo lote la tableti inalivuta lijae skrini yote, kwa hiyo upana unavutika kuliko urefu, duara lako linatoka yai lililolala. Si limelala? Ingia kwenye draiva sehemu ya eneo la kazi, upana acha inchi 6, urefu shusha uwe 3.375, yaani 6 gawanya kwa 16 mara 9. Unapoteza kama nusu inchi na kidogo pale chini, isikuume. Draiva nyingi zina kitufe cha kufanya hivyo zenyewe. Na tableti iweke imenyooka mbele ya skrini, ukiikalisha upande kama daftari mistari yote italala na wewe utasema kifaa kibovu.

Presha: hapo nahisi draiva. Bila draiva yake Windows inaiona kama mausi tu, kishale kinatembea lakini presha hamna. Uliweka draiva au ulichomeka tu?

---

kadi_Nkuhungu

Dada yangu ubarikiwe, yai LIMELALA kweli aisee. Draiva nilichomeka tu nikaona inatembea nikajua tayari 🙈

---

mama_leya

Haya sasa. Nenda tovuti ya kampuni iliyoitengeneza, chukua draiva ya modeli yako hiyohiyo, siyo inayofanana. Kama ulishawahi kuweka draiva ya tableti nyingine kwenye hiyo laptopu itoe kwanza uzime uwashe, draiva mbili zinagombana kama mawifi. Ukimaliza, kama presha bado haiji kwenye Krita, ingia mipangilio ya Krita sehemu ya tableti, kuna kuchagua kati ya WinTab na Windows Ink, ni njia mbili za Windows kupokea taarifa za kalamu. Iliyochaguliwa ibadilishe, funga Krita, fungua tena.

---

fundi_stika

Wadau naomba niingilie maana naona mnampeleka kijana upande mmoja.

Mimi nipo karibu na Sabasaba nakata stika na mabango, nina mashine ya kukata vinaili. Tableti ninayo, ya pili hii. Lakini logo nachora na MAUSI na nitaendelea. Kwa nini? Mashine ya kukata inafuata nukta, zile zinazoshikilia mstari kwenye Inkscape. Ukichora herufi kwa mkono na kalamu kwenye Inkscape mstari mmoja unakuja na nukta mia, kisu kinatetemeka kwenye kila nukta, kona zinatoka na manyoya. Kwa mausi naweka nukta nne navuta mikunjo, mstari umenyooka kama reli ya SGR. Wanafunzi wa mazoezi wananiletea logo walizochora na kalamu wanajivunia, nikiweka kwenye mashine ni aibu tupu, nakaa nusu saa naondoa nukta. Kama ushachora tayari kwa kalamu, chagua mstari bonyeza Ctrl na L, Inkscape inapunguza nukta, ila ukibonyeza sana umbo nalo linaondoka kwa hiyo angalia.

Kwa hiyo mwanangu hizo ni kazi mbili, usihame nyumba. Zabibu, sura ya mtu, vivuli, majani, maandishi ya mkono, hapo shika kalamu, mausi haiwezi kwa sababu haijui umekandamiza kiasi gani, inajua umebonyeza au hujabonyeza basi. Logo, fremu ya kadi, kupanga maandishi, kufungua mafolda, mausi. Hiyo dabo kliki na kalamu achana nayo, unajitesa bure.

---

mama_leya

Fundi kwa logo nakubali mia kwa mia. Ila anayejifunza akiwa na mausi pembeni akishindwa kidogo tu anakimbilia mausi, mi yangu niliificha kabatini wiki nzima.

---

fundi_stika

Dada wewe ulikuwa na vitabu, huyu mteja anakuja saa nne anataka kadi saa sita. Aifiche mausi ale nini? Aweke kushoto.

---

Zabibu_Kavu

Hapo kwenye kula fundi kashinda.

---

chuo_mwaka_wa_pili

Samahanini naingilia uzi, nipo UDOM sina laptopu, hizi tableti zinafanya kwenye simu? Na hizi zenye ngazi za presha 8192 ndo nzuri kuliko za 2048?

---

fundi_stika

Nyingi mpya zinafanya kwenye Android kwa kile kipini cha OTG cha kuchomekea vifaa vya USB kwenye simu, ila soma kwenye boksi modeli yenyewe imeandikwa Android, usimwamini muuzaji. Na ujue kwenye simu baadhi zinatumia kipande kidogo tu cha tableti, unalipia shamba unalima kibustani.

Hizo namba za presha usizilipie hela. Mkono wako hautofautishi ngazi elfu mbili sembuse elfu nane. Kinachofanya kazi ni ule mchoro wa presha kwenye draiva, unaupinda mpaka brashi ikufuate. Kama mkono wako mzito kama wangu unaufanya mgumu, kama mwepesi unaulainisha.

---

mama_leya

Na wote mnaonunua za kutumika: hakikisha inakuja na kalamu yake. Kalamu nyingi za siku hizi hazina betri, zinapata nguvu kutoka kwenye tableti yenyewe kwa sumaku, teknolojia ambayo Wacom wa Japani ndo walijulikana nayo, kwa hiyo kalamu ya kampuni hii kwa kawaida haiongei na tableti ya kampuni ile. Rafiki yangu alinunua tableti peke yake akijua kalamu atapata yoyote, mpaka leo anawekea chai. Na kwa sababu hiyohiyo ya sumaku usiweke juu yake simu yenye kava la sumaku, wala spika pembeni, mistari inaanza kutetemeka unadhani una malaria.

Halafu hili la hapa kwetu. Vumbi la Dodoma! Upepo wa mwezi wa 6 mpaka wa 8 mnaujua, ukiacha dirisha wazi saa moja tableti imekuwa msasa. Ncha inasaga vumbi juu ya plastiki, ncha inaliwa upande inakuwa kali kama patasi, ikishakuwa kali inakwangua tableti. Mi kila asubuhi nafuta na kitambaa kilicho na unyevunyevu kidogo, na ncha nikiona imelala upande naing'oa na ile pete ndogo inayokuja kwenye boksi naweka mpya. Wengine wanatandika karatasi ya A4 juu, kalamu inasoma vizuri tu kupitia karatasi, tena mkono unasikia kama daftari. Ila karatasi inakula ncha haraka.

Na kadi, hapo ndo kuna siri yako. Chora hicho kichala kwa penseli kwenye karatasi, kitandike juu ya tableti ubandike na seloteipu, halafu kipitie kwa kalamu ya tableti. Kinaingia kwenye Krita chenyewe. Huna haja ya kusubiri mkono uzoee ndo umridhishe mama.

---

kadi_Nkuhungu

Wakuu nimerudi, siku ya sita leo.

Draiva imeingia, presha ikagoma, nikabadilisha kule kwenye Krita nikaweka WinTab IKAKUBALI, nilipiga kelele mpaka jirani wa saluni akaja kuuliza kama nimeshinda mkeka. Yai limekuwa duara. Mausi nimeiweka kushoto kama fundi alivyosema, samahani dada, kabatini imeshindikana maana jana tu nilikuwa na kadi za sendofu mia mbili.

Nilienda sokoni Majengo nikanunua zabibu nusu kilo nikaziweka mezani nikachora na penseli, robo tatu nilikula kabla sijamaliza. Ile ya karatasi na seloteipu imefanya kazi. Nilichokiona ni kwamba zabibu siyo duara hata moja, nyingine zimebanwa na wenzake zimekuwa kama na pembe, nyingine zina ule ungaunga mweupe juu ambao kwa mausi nisingeweza kabisa, kwa kalamu nagusa kidogo tu unatoka. Bado mistari mirefu inanitetemekea, kikonyo kile nimekirudia kama mara ishirini.

---

mama_leya

Mstari mrefu chora kwa bega siyo kwa vidole. Na Krita ina kulainisha mstari, ukishika brashi, kwenye Tool Options chagua stabilaiza, usiipandishe sana utahisi unavuta kamba kwenye matope. Pia mkono wa kushoto utumie, kwenye kibodi 4 na 6 zinazungusha karatasi, 5 inairudisha. Kuna mkunjo ambao mkono wako haupendi, zungusha karatasi uufanye ule unaoupenda. Na usiibane kalamu, ukiibana kiganja kitauma kuliko cha mausi.

---

kadi_Nkuhungu

Hiyo ya kuzungusha sikuijua kabisa, nilikuwa nazungusha shingo.

Nimemtumia mama kichala saa hizi. Kasema "eeh, hizi sasa zabibu". Halafu akatuma voisi ya dakika tatu, anataka na majani mawili, na herufi za jina ziwe kama zimeandikwa kwa mkono, na anauliza kama naweza kumchorea na stika ya kubandika kwenye pikipiki ya kijana wake anayesambaza.

---

fundi_stika

Stika lete kwangu. Nukta zisizidi hamsini.