Kwa nini mshtakiwa wa mauaji yuko nje, na wa wizi yuko rumande?

Mama Zawadi:
Hamjambo. Mtoto wa kaka yangu alishtakiwa kwa wizi wa simu 3, akakana, na hakimu akampa dhamana ya Sh100,000 pesa taslimu au bondi (ahadi ya kulipa inayowekewa mali kama shamba) ya Sh200,000 na mdhamini mmoja. Kaka alifika kortini na hati ya shamba, akaambiwa haifai kwa kuwa shamba lingali kwa jina la marehemu baba yetu. Hii ni wiki ya 5, ilhali jirani aliyeshtakiwa kwa mauaji yuko nyumbani kwake. Korti za Kenya hupima nini hasa?

Wakili wa Mashinani:
Pole sana, Mama Zawadi. Katiba ya 2010, Kifungu cha 49(1)(h), inampa kila aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti yanayofaa, isipokuwa pawe na sababu nzito za kumzuia, na haibagui kosa lolote, hata mauaji, ambayo zamani hayakuwa na dhamana. Ni kazi ya upande wa mashtaka kuonyesha kwamba mshtakiwa huenda akatoroka au akawatisha mashahidi, na uvumi hautoshi. Korti hutazama pia uzito wa kosa, nguvu ya ushahidi, makao yake, na kama aliwahi kukiuka dhamana. Katika kesi za mauaji, jaji mara nyingi huagiza afisa wa urekebishaji tabia azungumze na jamaa za mshtakiwa na za marehemu kabla ya kuamua. Huenda jirani yenu alipitia hayo.

Mzee Baraka:
Naongeza jambo moja linaloniuma. Kijana wenu alikwisha kuruhusiwa kutoka. Kinachomzuia ni pesa. Sharti ambalo familia haiwezi kabisa kulitimiza ni sawa na kunyimwa dhamana, kwa hiyo mwombeni hakimu alipunguze, mkimweleza kwa uwazi kipato cha kaka yako. Akikataa, Mahakama Kuu ina uwezo wa kulishusha.

Mama Zawadi:
Asanteni. Kaka ni mvuvi, hana malipo ya kila mwezi. Je, ni lazima tuwe na wakili?

Wakili wa Mashinani:
Si lazima. Siku kesi itakapotajwa, kijana mwenyewe anyooshe mkono na kuomba masharti yapunguzwe. Kaka yako awepo, na kama chifu atamwandikia barua ya kuthibitisha makao na kazi yake, aje nayo.