Mashabiki wamevamia uhakiki wa filamu: video ifutwe, komenti zifungwe, au iachwe ilivyo?

Mdau_wa_Sinema
Wakuu, salaam. Chaneli ni ya uhakiki wa filamu za Bongo na za Kenya, iko YouTube, ina wafuasi elfu sita na ushee. Uhakiki wa juzi umesema sauti ya filamu ni mbovu, na mashabiki wa mwigizaji mkuu wamevamia. Komenti zimepita 400: matusi, "umelipwa wewe", "tengeneza yako tuone". Wachache wana hoja ya kweli, kwamba mtayarishaji ametajwa kama mwongozaji. Mtayarishaji naye anatishia kuishusha video. Nianzie wapi?

Kalamu_Nyekundu
Usifute, mkuu. Skrinishoti zimeshasambaa, na ukifuta utaonekana umekiri hata usichokosea. Anza na kosa la jina, maana hilo ni deni lako halali. Ingia YouTube Studio, fungua kihariri, kata sentensi hiyo tu. Linki, idadi ya watazamaji na komenti vinabaki vilevile. Mabadiliko huchukua muda kuonekana, kwa hiyo usihangaike kukata mara ya pili. Fanya sasa hivi video ikiwa bado changa: ikipita watazamaji 100,000 na chaneli haijaingia kwenye mpango wa malipo, huenda mfumo ukakataa kuhifadhi.

Kisha bandika komenti juu kabisa: "Dakika ya 3 nilimtaja mtayarishaji kuwa mwongozaji. Nimekosea, sehemu hiyo nimeikata. Niliyosema kuhusu sauti yako palepale." Hiyo sentensi ya mwisho usiiache. Ukiomba radhi kwa ujumla, watu watasema umemeza maneno yako yote.

Tazama pia kwenye takwimu watu wametokea wapi. Wengi wakiwa wametoka nje ya YouTube, kwenye magrupu, na wanaondoka kabla ya nusu dakika, hao wametumwa. Hawajasikia hata hoja yako. Madole ya chini yasikunyime usingizi. Tangu Novemba 2021 idadi yake unaiona wewe peke yako.

Bi_Mkora_wa_Pwani
Mimi ningefunga komenti wiki nzima. Hata Rotten Tomatoes, tovuti inayokusanya uhakiki wa filamu, Julai 2012 walisitisha komenti kwenye uhakiki wa *The Dark Knight Rises* baada ya wahakiki kutishiwa, na filamu ilikuwa haijaanza hata kuonyeshwa.

Kalamu_Nyekundu
Dada, pale palikuwa na vitisho vya kuumiza watu. Hapa ukifunga unawanyamazisha na waliokusahihisha jina. Tumia orodha ya maneno yaliyozuiwa: komenti yenye neno hilo inasubiri uipitie kwanza. Matusi yetu usitegemee mfumo uyajue wenyewe. Yaandike moja moja, na kila tahajia wanayotumia: lililokatwa irabu, lenye namba katikati, na la Sheng. Anayerudia-rudia, mfiche kwenye chaneli. Hapewi taarifa, anaendelea kuandika bila mtu mwingine kumwona. Kitisho cha mwili usikifute kabla hujapiga skrinishoti yenye jina la akaunti na tarehe, ndiyo utakayopeleka polisi.

Fundi_Hakimiliki
Kuhusu mtayarishaji, tofautisha mambo mawili. Dai la Content ID, yaani mfumo wa YouTube unaotambua wenyewe kazi ya mtu ndani ya video, linaweza kuhamisha mapato ya video, ila haliiumizi chaneli. Ukilipinga, mdai ana siku 30 za kujibu. Ombi la kushusha video ndilo linaloleta straiki, yaani onyo la hakimiliki, na straiki 3 ndani ya siku 90 zinaweza kuifunga chaneli. Kufuta video baada ya straiki hakuiondoi.

Unaweza kupeleka notisi ya kupinga, na mdai akishapelekewa ana siku 10 za kazi kuonyesha amechukua hatua ya kisheria. Lakini notisi hiyo inabeba jina lako halisi na mawasiliano, na inamfikia yeye. Lipime hilo kwanza kama mtu mwenyewe ana hasira.

Kwa video zijazo, ile habari ya kwamba ukitumia kipande cha chini ya sekunde 10 uko salama haina ukweli. Tumia vipande vifupi, ongea juu yake, na zima muziki wa filamu, maana muziki ndio unaonaswa upesi. Sheria ya Kenya inaruhusu kutumia kazi ya mtu kwa uhakiki ukimtaja mwenyewe, ila mfumo wa YouTube hausomi sheria, unalinganisha sauti na picha tu.

Sikio_la_Studio
Mkuu, kwenye video ulisema "sauti mbovu" basi ukapita. Hapo ndipo ulipowapa mwanya. Taja dakika, taja kinachosikika. Mfano: mama anaongea sebuleni, ngurumo ya jenereta inapanda kila anaponyamaza, inashuka akianza tena kusema. Hiyo ni dalili ya kinasa sauti kilichoachwa kijiongeze na kujipunguza chenyewe. Kikikosa sauti ya mtu kinavuta kelele. Ukilieleza hivyo, shabiki anavaa spika za masikioni na kusikia mwenyewe, na huyo mwigizaji wake anabaki na heshima yake kwa sababu kosa si lake.

Mdau_wa_Sinema
Asanteni sana, jina nimeshalikata. Na hili la "umelipwa" nalijibuje? Tiketi nilizowahi kupewa bure zilikuwa za filamu nyingine, kutoka kwa msambazaji wake.

Kalamu_Nyekundu
Usibishane komenti kwa komenti. Liseme kwenye maelezo ya video, mstari wa kwanza: nani alitoa tiketi, ya filamu gani, na kama kuna pesa iliyopokelewa. Ukipokea malipo, weka tiki kwenye kisanduku cha tangazo la kulipiwa unapopakia, na ulitamke kabla hujatoa hukumu. Kwa hii ya sasa, andika: "Tiketi ya filamu hii nilinunua mwenyewe", kama ndivyo ilivyo.

Mdau_wa_Sinema
Ndivyo ilivyo. Naandika sasa.