Medali ya fedha yenye kibao "WITU 1890": mwenyewe atajulikanaje?

MkaziWaHindi
Assalamu alaikum ndugu zangu. Tukichimba shimo la choo huku Hindi, Lamu, imetoka medali ya fedha, imeganda ukoko wa kijivu, na juu yake kuna kibao (kipande kinachotaja vita) kilichoandikwa "WITU 1890". Upande mmoja kuna Malkia Victoria na mtandio, wa pili askari wakipigana msituni. Ukingoni nasoma "A.B., H.M.S. BOAD…", jina limezibwa. Sonara anaitaka kwa uzani. Nianzie wapi?

FedhaKale
Wa alaikum salaam. Sonara ataiyeyusha, achana naye.

Usiguse ndimu, majivu wala dawa ya meno. Ukoko huo ni fedha yenyewe iliyogeuzwa na chumvi ya udongo. Ukiukwangua, herufi zinaondoka nao. Iloweke katika maji ya betri (yale safi, si asidi!), ubadilishe kila siku kwa siku kadhaa chumvi itoke, kisha uikaushe kwa kitambaa laini bila kusugua. Usiku, zima taa, laza tochi ubavuni mwa ukingo na uzungushe medali polepole huku ukipiga picha. Kivuli husomesha herufi ambazo jicho halizioni mchana.

Pima kipenyo pia. Iwe milimita 36. Ikipungua, huenda jina la kwanza lilipigwa tupa likaandikwa jingine.

Mwambao1890
A.B. ni baharia aliyekwisha kufuzu, na BOAD ni Boadicea, meli ya kivita ya Admirali Fremantle wa Uingereza. Wajerumani walipouawa Witu, Waingereza walimwendea Fumo Bakari, sultani wa Witu, Oktoba 1890, na mji ukachomwa tarehe 27.

Ila medali hii ilianzishwa 1892, kwa hiyo haikumdondoka mtu vitani. Ilikuja Hindi baadaye, kwa kuuzwa, kupewa au kuibwa. Msitafute kaburi hapo.

Ukipata jina, nenda kwenye kumbukumbu za taifa za Uingereza, Kew. Fungu ADM 171 lina orodha za waliopewa medali: mtafute chini ya Boadicea, uone kama kibao cha Witu ni haki yake, maana vibao huhamishwa. Halafu ADM 188, daftari la mabaharia: namba, tarehe na mahali alipozaliwa, na meli alizotumikia. Jina likiwa la watu wengi, kama Smith, shika yule aliyekuwa Boadicea Oktoba ile. Ukishajua alikozaliwa, kizazi chake hakiko mbali.

Mkunguni
Kabla ya Kew, Makumbusho ya Lamu. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 inataka kitu chenye thamani ya akiolojia kilichofukuliwa kiripotiwe ndani ya siku saba, na kitu cha kale kwa sheria ile ni kilichotengenezwa nchini au kuingizwa humo kabla ya 1895. Medali yako iko ukingoni kabisa, haijulikani iliingia nchini mwaka gani; acha wao waamue. Peleka picha ya shimo, kina chake, na chochote kilichotoka pamoja nayo, hata kifungo au kipande cha chupa, maana hivyo ndivyo vitakavyoonyesha ilifukiwa lini. Wajukuu wakipatikana Uingereza, watumie picha tu. Ikiamuliwa ni kitu cha kale, medali haivuki mpaka bila kibali.