Bushi yangu imefanywa kishikio cha funguo

Mie leo simtaji mtu, nyote mnamjua, yule fundi wetu wa chini ya mwembe anaekwambia njoo laasiri na hasemi laasiri ya siku gani.

Land Rover yangu 109 ile ya marehemu babu, inayobeba karafuu, nimeitia injini ya Toyota 3L dizeli, giaboksi nikabakisha ileile yake. Sasa tundu la nyuma ya krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, pana, ncha ya shafti ya giaboksi nyembamba, nkapanda meli usiku mzima mpaka Unguja kwa mkerezaji, akanichongea bushi ya shaba, kijibomba kifupi cha kukaa kwenye tundu lile, ncha inazunguka ndani kama kidole kwenye pete. Nkairudisha Pemba nimeifunga kwenye leso kama dhahabu ya bi harusi, nkampa fundi mkononi. MKONONI.

Ijumaa naenda kuchukua gari, nakanyaga klachi natia gia ya kwanza, krrrrrrr, jini anasaga mawe. Rivasi ndo haingii kabisa, mbuzi wa jirani walikimbia mpaka leo hawajarudi. Namuuliza bushi umeitia? "Ile haina kazi sheikh, giaboksi ina beringi yake." Kugeuka hivi namuona anafungua kufuli la kibanda, funguo zinaning'inia kwenye BUSHI YANGU. Kaitia kamba!

Giaboksi ina beringi yake! Yakhe beringi ile imeshika shafti nyuma tu, mbele inaelea. Ukikanyaga klachi injini inazunguka shafti inataka kusimama, hapo ndo bushi inafanya kazi, isipokuwepo ncha inayumba kama mlevi, sahani ya klachi haiachii vizuri, mwisho beringi yenyewe inakufa na sili inavuja oili. Yeye kaning'iniza funguo. Tena kaing'arisha! Halafu akanambia kaa unywe kahawa, na mie mjinga nkakaa nkanywa huku naitizama inabembea.

mkia_wa_taa: 😂😂😂 sasa ukiichukua, kibanda atafungaje?

Baba Nasra: Na wewe nawe. Giaboksi ikishapanda huoni kitu ndani, ilikuwa usimame pale pale mpaka aigonge iingie. Unampa mtu shaba yako unakwenda zako kuvua.

mwenye uzi: Sikwenda kuvua, nlikwenda mazikoni!! Na kaing'arisha jamani, nyie hamjaelewa, ina mng'aro.

spana14: Hiyo 3L ilitoka kwenye gari ya oto? Za oto mara nyingi krenki inakuja tundu tupu, labda kaliona akadhani ndo ilivyo. Na ile pleti ya kuungia injini na giaboksi mliipima kwa saa ya kupimia, ile geji ya mshale? Isipokaa katikati ya krenki hata bushi ya almasi italika. Ukiitia tena paka grisi kidogo tu. Ila zile bushi za unga wa shaba ulioshindiliwa unaziloweka oili, grisi usitie, inaziba vitundu vyake.

mkia_wa_taa: spana14 leo kameza kitabu na jalada lake

mwenye uzi: Ya oto ndio. Lakini nlimpa MKONONI.

Wa Konde: Mie jeki yangu iko kwake toka masika, kaiweka chini ya kitanda anacholalia mchana. Nikiidai ananambia subiri niamke.

bint_karafuu: Bora nyie wa magari. Fundi cherehani wangu, simtaji, nlimpelekea kitambaa cha kanzu ya mume wangu wiki tatu kabla ya Idi, usiku wa kuamkia Idi ananiletea kanzu mikono yote miwili ya kushoto. Mume kaenda kuswali kama anaomba lifti.

Baba Nasra: 😂😂 wallahi nlimuona, nkadhani kavunjika

Wa Konde: Ni yule wa Wete mwenye redio?

bint_karafuu: Simtaji. Redio anayo.

mkia_wa_taa: Huyo suruali yangu kaikata ikawa kaptula, kisha kanambia joto hili utanishukuru

spana14: Mie kanipotezea kipimo nikapimwa mara nne, kila mara nimenenepa

mwenye uzi: Jamani na bushi yangu?

Baba Nasra: Subiri kidogo. Bi Karafuu, kitambaa kilichobaki alikurudishia?