Nyumba niliyopanga Katesh imechukuliwa na tope. Mtumishi wa umma nadai nini?

Mwl_Chaki
Wakuu, poleni na majukumu. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, niko Katesh, mkoani Manyara. Leo ni siku ya sita tangu maporomoko ya tope ya ile Jumapili ya tarehe 3 Desemba 2023. Asubuhi ile mvua ilikuwa imekwisha pungua, nikasikia mngurumo kama lori linashusha kokoto. Kutoka nje naona magogo yanakuja yamesimama wima ndani ya tope. Nilibeba mtoto mdogo, mke akambeba mkubwa, tukakimbilia upande wa juu. Tuliporudi, chumba cha nyuma kilikuwa kimejaa mawe hadi dirishani. Tumeponea tundu la sindano, kuna majirani zangu wawili tumewazika.

Mtaani wapo wanaosema mlima umelipuka. Wataalamu wameshasema si volkano, ni sehemu ya mlima Hanang iliyolowa maji ikameguka. Mke wangu hataki kusikia lolote, anasema halali tena chini ya mlima huu. Anataka kwenda na watoto kwao Kyela, mkoani Mbeya.

Maswali yangu:
Je, kuna posho ya mtumishi aliyepatwa na maafa? Nauli ya familia naweza kuidai? Na nikiandika barua ya kuomba kuhamia Mbeya, nitalipwa?

Sijaenda kuuliza ofisini. Leo ni sikukuu ya Uhuru, halafu naona aibu kuulizia posho wakati watu bado wanatafuta ndugu zao kwenye tope. Nawasilisha.

BukobaKwetu
Pole sana mwalimu. Hiyo aibu iweke kando, nimeilipia. Tetemeko la Septemba 10, 2016 lilinikuta mkoani Kagera, ukuta wa sebuleni ukalala juu ya makochi. Nikajiambia mimi nina mshahara, misaada waachie wazee. Miezi miwili baadaye ndio nakwenda kuuliza, naambiwa orodha ilishafungwa.

Masijala_Kuu
Mwalimu, pole kwa msiba na hasara. Nimekaa ofisi za utumishi miaka mingi, nikujibu kama ningekujibu mezani.

Posho yenye jina la maafa hutaikuta kwenye Kanuni za Kudumu za Utumishi wa Umma za 2009. Kwa hiyo usiandike "naomba posho ya maafa", maana atakayeipokea hana kifungu cha kuilipia, ataiweka kwenye faili na faili litakaa.

Zipo njia mbili, na watu wengi huzichanganya. Ya kwanza haihusu ajira yako hata kidogo. Wewe ni mwathirika kama mama muuza mboga wa jirani. Misaada inapita kwenye kamati ya maafa ya wilaya, mwenyekiti wake ni Mkuu wa Wilaya, na majina yanaanzia kwa mwenyekiti wa kitongoji. Nenda kaandikishwe kaya yako, hata kama ulikuwa mpangaji. Mwenye nyumba ataandikwa kwa nyumba yake, wewe utaandikwa kwa godoro, vyombo na nguo za watoto. Kesho usichelewe.

Ya pili ndiyo ya mwajiri, na hapo tafadhali sana: USIANDIKE BARUA YA KUOMBA UHAMISHO kabla hujasoma hii.

Uhamisho wa kuomba mwenyewe unajigharamia. Uhamisho wa mwajiri unalipwa: nauli yako, ya mwenza na watoto au wategemezi wasiozidi wanne, gharama za mizigo, posho ya kujikimu ya siku 14, na posho ya usumbufu ambayo ni asilimia 10 ya mshahara wa mwaka. Tuchukulie mshahara ni 800,000. Kwa mwaka ni 9,600,000, usumbufu peke yake ni 960,000. Kujikimu, kiwango cha chini kilichowekwa Julai 2022 ni 100,000 kwa siku, kwa siku 14 ni 1,400,000 yako na kiasi hicho hicho cha mke, watoto nusu nusu. Piga hesabu. Neno "naomba kuhamia Mbeya" linafuta zote hizo.

Kijiti_cha_Tatu
Mkuu hapo juu anaongea kama pesa ipo. Uhamisho wa mwajiri unaingia kwenye madeni ya watumishi, mwalimu atalipwa mjukuu wake akiwa darasa la saba.

Masijala_Kuu
Kuchelewa kupo, sibishi. Ila deni lililohakikiwa ni deni. Uhamisho wa kuomba hauna hata deni.

Mwl_Chaki
Asante mzee wangu. Sasa nauli ya mke na watoto? Basi la hapa mpaka Singida, Singida mpaka Mbeya, na bado Kyela. Mfukoni sina kitu, laki mbili zilikuwa kwenye kabati na kabati halionekani.

Masijala_Kuu
Nauli ya likizo. Ulilipwa lini mara ya mwisho?

Mwl_Chaki
Desemba 2021.

Masijala_Kuu
Basi Mungu yuko nawe. Inalipwa kila baada ya miaka miwili, kwako, mwenza na watoto. Shule zinafungwa mwezi huu, hakuna atakayekuzuia likizo. Jaza fomu Jumatatu, andika Kyela ikiwa ndiko nyumbani kwenye kumbukumbu zako za ajira. Tiketi zote mtunze, hata ya bajaji kama ina risiti.

Na barua yako ielekeze kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, ipitie kwa mwalimu mkuu, kichwa chake kiwe YAH: TAARIFA YA KUATHIRIWA NA MAAFA. Unatoa taarifa tu. Eleza makazi yamekwisha, ambatisha barua ya mwenyekiti wa kitongoji na picha. Mwajiri akiona haja ya kukuhamishia kituo kingine, awe yeye ndiye ameamua.

Mama_Wawili
Naomba nipingane kidogo na hesabu zenu. Kaka yangu mwalimu, kama usiku unashtuka ukisikia mvua kwenye bati, na mkeo ndiyo kabisa, usikae hapo miaka miwili ukisubiri mwajiri aamue ili upate usumbufu. Mimi nilijigharamia kuhama baada ya mafuriko, nilikopa, nikalipa. Sijutii.

Kijiti_cha_Tatu
Dada kaongea. Ila kukopa huko, mwalimu usiguse kausha damu, ile mikopo ya mtaani ya riba kubwa. Ulizia advansi ya mshahara kwa mwajiri, inakatwa kidogo kidogo. Angalia tu theluthi moja ya mshahara ibaki, usije ukakataliwa kwa sababu una mkopo wa benki.

BukobaKwetu
Vyeti vipo?

Mwl_Chaki
Cha kidato cha nne kipo, kilikuwa kwenye begi la mke. Cha ualimu kimekwenda. Na kadi za kliniki za watoto.

BukobaKwetu
Nenda polisi uchukue taarifa ya upotevu sasa hivi, usingoje uhakiki wa vyeti ukukute mikono mitupu.

Nesi_Zamu
Mwalimu, nami niko huku huku. Ulishiriki kugawa vitu kwenye kambi ya waathirika? Sisi tuliopangwa zamu za usiku tumeambiwa tusaini daftari la mahudhurio. Posho ya kujikimu hatupati kwa kuwa hatujatoka nje ya kituo, lakini saini kila siku, malipo ya kazi za ziada bila daftari hayaombeki. Na aliyeumia akiwa amepangwa kazini ana haki Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi. Aliyeumia Jumapili nyumbani kwake, hapana, huyo ni matibabu ya waathirika ambayo Serikali imetangaza inagharamia.

Mwl_Chaki
Nimesaini siku tatu tu. Ya kwanza sikujua.

*Ijumaa, asubuhi*

Mwl_Chaki
Wakuu, mrejesho. Kaya imeandikwa, tumepata magodoro mawili, blanketi, unga na ndoo. Mwenyekiti wa kitongoji aliandika barua akiwa amekaa juu ya jiwe, muhuri akautoa mfuko wa koti. Fomu ya likizo nimejaza. Nauli haijatoka, mwalimu mkuu kanikopesha, mke na watoto wamepanda basi leo alfajiri.

Barua ya taarifa nimepeleka. Mama_Wawili, ile ya kuomba uhamisho nimeiandika pia, ipo kwenye begi. Nimejipa mpaka shule zifunguliwe Januari.

Masijala_Kuu
Hiyo ya taarifa, nakala yako imegongwa muhuri wa kupokelewa?

Mwl_Chaki
Imegongwa, na tarehe. Nimeipiga picha nimemtumia mke wangu, kanijibu wamefika Singida.