Wakala alituonyesha ufukwe wa Mitsamiouli, akatulaza juu ya mwamba mweusi kusini ya Moroni

Wanajamvi, heshima kwenu.

Jambo hili nimekaa nalo tangu turudi kutoka Ngazija, kisiwa kikubwa cha Komoro, mwishoni mwa Desemba, nikitumaini kwamba wakala aliyetuuzia safari angelimaliza kwa staha, lakini baada ya barua mbili na safari tatu za kwenda ofisini kwake hapa Dar es Salaam nimeona niliandike wazi. Jina lake silitaji hapa, kwa kuwa shauri lenyewe nalipeleka panapohusika. Ninachotaka ni kwamba mwingine anayepanga kwenda kupumzika ufukweni Komoro ajue la kuuliza kabla hajatoa hata shilingi moja.

Tulikuwa watu watano: mimi, mke wangu, watoto wetu wawili na mama yangu mzazi, ambaye ana miaka 71. Safari ilikuwa ya mama. Baba yake alizaliwa Mitsamiouli, akahamia Unguja akiwa kijana kama walivyofanya Wangazija wengi wa zama zile, na akafariki bila kurudi kwao. Ombi la mama lilikuwa moja tu, aingie kwenye bahari ya kwao baba yake na kukaa kwenye maji ya magotini, kama anavyofanya kila tunapompeleka Bagamoyo, maana magoti yanamsumbua na maji ya bahari humpa nafuu. Haya yote nilimweleza wakala, tena mama akiwa amekaa pembeni yangu. Akanitumia picha sita kwenye simu, zote za mchanga mweupe, minazi na maji tulivu ya kina kifupi, na chini yake akaandika kwamba hoteli iko ufukweni, hatua chache kutoka mlangoni mwa chumba. Nikalipa shilingi milioni 9.4 kwa tiketi na malazi ya siku sita.

Atakayesoma maelezo haya na aifahamu kwanza ramani ya kisiwa. Uwanja wa ndege wa Hahaya uko pwani ya magharibi, mji mkuu Moroni ukiwa kusini yake na Mitsamiouli kaskazini yake. Gari lililotupokea lilielekea kusini, likaipita Moroni, likaendelea. Mama alikuwa ameshika mkoba wake mapajani akiangalia dirishani, na sisi tuliodhani tunapelekwa ufukweni tulikuwa kila dakika tunazidi kuachana nao.

Hoteli tuliyoikuta imejengwa juu ya mwamba mweusi uliochongoka, ambao ni lava ya kale iliyotiririka kutoka mlima Karthala hadi baharini na kuganda pale pale. Mchanga hapakuwa na hata wa kujaza kiganja. Palikuwa na ngazi ya zege iliyoshuka moja kwa moja kwenye maji ya kina kirefu, na mawimbi ya kaskazi yalikuwa yakiipiga ile ngazi mpaka povu linaruka juu ya uzio. Watoto tuliwakataza kuikaribia. Mama alisimama pale juu kwa muda, kisha akaniuliza, "Mwanangu, mchanga uko wapi?" Sikuwa na jibu la kumpa.

Nilipomwonyesha kijana wa mapokezi zile picha, alizitazama mbili tatu akanirudishia simu kwa adabu. Aliwahi kuishi Unguja na Kiswahili chake kimenyooka. Akasema, "Shikamoo mama, nisameheni. Hizi picha si za hapa, hii ni Mitsamiouli. Sisi hatujawahi kumtumia mtu picha kama hizi." Akatuonyesha picha ambazo hoteli yenyewe huzitoa, na ndani yake mwamba mweusi na ile ngazi vinaonekana bila kufichwa. Wafanyakazi wa hoteli sina ugomvi nao, walitutunza vizuri kwa kadiri ya walichokuwa nacho. Wakala ndiye aliyeziacha picha za kweli akatuchagulia za upande mwingine wa kisiwa.

Wapo watakaosema kwamba bahari ni bahari, kwa hiyo naomba nieleze kwa nini upande wa kisiwa ni kila kitu. Sisi tuliozoea Unguja, Mafia na Kigamboni tunadhani palipo na pwani pana mchanga, kwa sababu visiwa vyetu ni vya matumbawe, na mchanga mweupe ni matumbawe na makombe yaliyosagwa na bahari kwa miaka mingi. Ngazija ni volkano. Karthala ina urefu wa mita 2,361 na bado iko hai. Mwaka 1977 lava yake ilifunika kijiji cha Singani, ambako mpaka leo barabara inapita katikati ya mawe yaliyoungua. Katika visiwa vinne vya kundi lile Ngazija ndiyo changa zaidi, na matumbawe yake hayajapata muda wa kuizunguka kama yalivyoizunguka Mayotte, iliyo kongwe kuliko zote. Ndiyo maana sehemu kubwa ya pwani yake ni mwamba mtupu, na fukwe nyeupe ziko mahali pa kuhesabika: Itsandra karibu na Moroni, Mitsamiouli na Maloudja kaskazini, Bouni kaskazini mashariki. Chomoni, upande wa mashariki, mchanga mweupe unakutana na mawe meusi. Mtu anayefanya biashara ya kupeleka watu Ngazija hawezi kuwa halijui hili. Nafikiri analijua sana, ila vyumba vya kaskazini ni vichache tangu ile hoteli kubwa ya Galawa ifungwe miaka mingi iliyopita, hivyo analaza watu popote penye nafasi na kuwavutia kwa picha za kaskazini.

Maji ya bomba nayo yalikuwa ya chumvichumvi. Ngazija haina mto wa kudumu, mvua ikinyesha inazama kwenye mawe yenye vitundu, na visima vya karibu na pwani huingiliwa na bahari, kwa hiyo watu wengi hutegemea matangi ya maji ya mvua. Hilo ni umbile la kisiwa na silalamikii. Nalalamikia kwamba niliuliza kwa maandishi kuhusu maji, kwa ajili ya mama, nikajibiwa kuwa hakuna tofauti na hapa nyumbani. Nikauliza pia kuhusu Desemba, nikaambiwa ni msimu mzuri. Desemba kule ni masika yao, na mvua ilitufungia ndani siku tatu kati ya sita.

Siku ya tano ilipambazuka kavu. Nilikodi gari kwa fedha yangu na tukaenda Mitsamiouli. Mama alishuka na kanga yake, akaingia mpaka magotini, akakaa. Wanawake wa pale walimwuliza yeye ni wa nani, naye alipotaja jina la baba yake, mmoja alikwenda kumwita bibi mmoja mzee kutoka nyumba za nyuma. Walikaa majini wakizungumza, huyu Kiswahili na yule Kingazija, wakisikilizana kwa nusu, hadi alasiri. Njiani kurudi mama aliniomba tuje tena kesho. Kesho mvua ilinyesha tangu alfajiri, na keshokutwa ilikuwa safari. Tulilipia siku sita za bahari ile tukapata saa nne, na kwa umri wa mama mimi siwezi kumwahidi kwamba tutarudi.

Wakala alinijibu kwamba Ngazija nzima ni kisiwa na kila upande una bahari, na kwamba nilipaswa kufanya utafiti wangu mwenyewe. Utafiti wangu nilimlipa yeye aufanye. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, na kumwonyesha mtu ufukwe wa mahali pengine ukamwambia uko mlangoni pake ni kumpotosha. Nataka anirudishie gharama za malazi na aziondoe zile picha. Mpaka jana usiku zilikuwa bado ziko kwenye tangazo lake la safari za Pasaka.

Vocha, risiti, picha zake sita na picha nilizopiga mwenyewe pale kwenye ngazi nimeziweka pamoja kwa ajili ya Tume ya Ushindani. Aliyewahi kuuziwa Ngazija kwa picha za aina hiyo naomba aandike hapa chini tarehe aliyosafiri na upande wa kisiwa aliopelekwa, ili niviambatanishe kabla sijapeleka.